Migunga yako, rbcL isiyosema kitu na ITS yenye vilele viwili

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nimekusanya sampuli 46 za migunga kutoka Kajiado, Baringo na Dodoma, nikazikausha kwa magazeti na kuzimalizia kwenye tanuri. Nimetoa DNA kwa njia ya CTAB, ile sabuni ya kutolea DNA kwenye mimea. Nyingi zimetoka za kahawia na zinanata. rbcL (jeni ya kloroplasti) imekubali karibu kwa zote, lakini mti wa nasaba niliochora umekuwa kama ufagio, matawi yote yanatoka pahali pamoja. matK, jeni nyingine ya kloroplasti, imegoma kwa nusu ya sampuli. ITS (kipande cha DNA ya kiini) ya spishi za tortilis na nilotica ina vilele viwili viwili kwenye mchoro wa mashine, na sampuli tatu nikizilinganisha na hifadhidata naambiwa ni kuvu. Juu ya hayo, msimamizi wangu anaandika Acacia, na kwingine naona Vachellia na Senegalia. Nitumie jina lipi, na nianzie wapi kurekebisha?

Jibu: Tuanze na jina, maana hilo ni jepesi. Andika Vachellia na Senegalia, na mara ya kwanza kutaja kila spishi weka jina la zamani pembeni: Vachellia tortilis, iliyokuwa Acacia tortilis. Msimamizi wako hatakuwa na la kulalamikia, na anayetafuta kwa jina la zamani ataikuta kazi yako.

Acacia ya Philip Miller, ya mwaka 1754, ilikuja kuwa kapu la kila mmea wa jamii ya mimosa wenye stameni nyingi zisizoshikana, hadi ikafika spishi zaidi ya 1,300. Mifuatano ya kloroplasti iliyosomwa kuanzia miaka ya 2000, hasa jeni ya matK na introni ya trnK inayoizunguka, ilionyesha kwamba ndani ya kapu hilo mna koo kadhaa zisizo na udugu wa karibu. Zile takriban 1,000 za Australia ziko karibu zaidi na akina Albizia kuliko zilivyo na V. tortilis. Na migunga ya kwetu yenyewe ni koo mbili zisizokaa tawi moja.

Hapo ndipo ushahidi wa DNA ulipoishia. Ulisema kapu lipasuliwe. Haukusema nani aondoke na jina. Kwa kanuni za majina ya mimea, jina la jenasi hufuata spishi kielelezo, na ya Acacia ilikuwa A. nilotica, mti wa Afrika na Asia. Kwa hiyo waliopaswa kubadilisha majina ni Waaustralia. Mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Vienna mwaka 2005 ukaruhusu kielelezo kibadilishwe kiwe A. penninervis ya Australia, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ukauacha uamuzi huo usimame baada ya ubishi mrefu. Migunga ikahamia kwenye majina yaliyokuwepo tangu karne ya 19: Vachellia ya Wight na Arnott (1834) na Senegalia ya Rafinesque (1838). Mwaka 2013 Kyalangalilwa na wenzake wakazirasimisha spishi za Afrika chini ya majina hayo, kwa ushahidi wa vipande vya kloroplasti vya matK/trnK, trnL-F na psbA-trnH. Katika tasnifu yako yatenge mambo hayo mawili: mti wa nasaba hutokana na data, jina hutokana na kanuni, na safari hii kura pia. Wanaolalamika kwamba DNA imeinyang'anya Afrika jina lake wanamshitaki asiyehusika.

Miiba kwanza, pipeti baadaye

Kabla hujarudi maabara, vitandaze vielelezo vyako vyote 46 mezani uvipange kwa miiba. Miiba ya Vachellia hutoka kwenye stipuli (vijani vidogo viwili vya chini ya jani), miwili miwili kila kifundo, mara nyingi mirefu, myeupe, iliyonyooka. Maua yake kwa kawaida ni vichwa vya duara, na kikonyo cha kichwa kina pete ya vijani vidogo. Miiba ya Senegalia huota kwenye gome la tawi, ni mifupi na imepinda kama kucha, S. mellifera ina miwili kila kifundo, S. senegal ina mitatu, nyingine zimetawanya ovyo. Maua yake mengi hukaa kwenye masuke. Jina kikwata, ambalo kuna sehemu hutumika kwa mellifera na senegal zote mbili, linafuata mpaka huohuo uliokuja kuonekana kwenye DNA: mwiba unaokwata nguo.

Kuna mitego mitatu. V. tortilis ina miiba mirefu iliyonyooka pamoja na mifupi iliyopinda kwenye tawi moja, na yote ni ya stipuli. Anayeangalia tawi lenye mifupi tu huiandika Senegalia. S. brevispica ina miiba ya Senegalia lakini maua yake ni vichwa vya duara. Na Faidherbia albida, ambayo tangu mwaka 1934 ina jenasi yake, ina miiba iliyonyooka miwili miwili kama Vachellia lakini maua ya suke kama Senegalia, na stameni zake zimeshikana kidogo chini.

Upangaji huu utakuokolea pesa baadaye. Sampuli ikitokea kwenye mti wa DNA nje ya kundi la miiba yake, cha kwanza kushuku ni lebo, cha pili ni uchafu wa PCR (hatua ya kuzidisha kipande cha DNA), na mageuzi ya ajabu yawe ya mwisho kabisa.

Kwa nini rbcL imekupa ufagio

rbcL hubadilika polepole sana, na huo ndio ubora wake. Ndiyo iliyotumika mwaka 1993 kuchora mti mkubwa wa mimea ya mbegu kwa mifuatano 499, na ikachangia APG, mfumo wa kupanga familia za mimea ya maua ulioanza 1998, ambao toleo lake la nne la 2016 lina oda 64 na familia 416. Ukiuliza familia fulani ni ndugu wa familia ipi, itakujibu. Ukiuliza tofauti ya V. seyal na V. drepanolobium, unapima unene wa unywele kwa futi kamba: katika herufi 550 hivi unazosoma, spishi mbili za karibu zinaweza zisitofautiane hata moja. Ufagio wako si kosa la programu. Ni jibu la kweli la kipimo kisichofaa swali.

Hata ukiongeza matK usitegemee miujiza. Kikundi cha kimataifa kilichopendekeza rbcL na matK kuwa msimbo wa kutambulisha mimea, mwaka 2009, kiliripoti kwamba jozi hiyo hutenganisha spishi kwa asilimia 72; zilizobaki huishia kwenye kundi la spishi zinazofanana. Katika koo changa au zenye machotara mengi hali huwa mbaya zaidi. Mfano wa jirani ni maua ya urujuani ya Usambara na Taita. ITS, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1997, ilionyesha waziwazi kwamba Saintpaulia imezaliwa ndani ya Streptocarpus, na mwaka 2015 ikaingizwa humo rasmi. Lakini ITS hiyohiyo ilipoulizwa kutenganisha yale ya Usambara yenyewe kwa yenyewe haikuwa na la kusema, kwa sababu tofauti zilikuwa chache mno. Mfuatano mmoja, majibu mawili, kutegemea kina cha swali.

Usiitupe rbcL yako. Itumie kuthibitisha jenasi na kunasa lebo zilizobadilishana. Kisha ongeza trnL-F na psbA-trnH upande wa kloroplasti, na ITS upande wa kiini. Kumbuka tu kwamba vipande vyote vya kloroplasti hurithiwa pamoja, na katika mimea mingi ya maua hutoka kwa mama. Kloroplasti ni shahidi mmoja hata ukimhoji mara nne. Herufi zitaongezeka, lakini sauti ni ileile.

DNA ya kahawia inayonata

Kahawia ni tanini zilizooksidika, kunata ni polisakaridi, yaani gundi ileile inayofanya S. senegal iwe mti wa biashara. Vyote viwili huziba kimeng'enya cha PCR. Magazeti na tanuri vimechangia: jani lililokauka polepole lina muda wa kuvunja DNA yake na kuotesha ukungu, na joto kali likamalizia. Ukirudi porini beba jeli ya silika, gramu 10 kwa kila gramu ya jani. Chuma vijani vichanga visivyo na madoa, viweke kwenye mfuko wa karatasi ya chai ndani ya mfuko wa kufunga, na ndani ya saa 24 viwe vinavunjika ukivikunja. Silika ikibadilika rangi kabla ya hapo, weka nyingine. Kielelezo cha hebaria kibanwe kando kwa kawaida yake, lakini jani la DNA litolewe kabla ya mtu kupulizia spiriti. Vielelezo vilivyolowekwa pombe porini ndivyo vinavyotoa DNA iliyokatikakatika kuliko vyote.

Kwa sampuli ulizonazo, anza na kuosha kwa sobitoli. Saga miligramu 20 za jani kavu. Usizidishe, jani jingi huongeza gundi zaidi ya DNA. Tia mililita 1 ya bafa yenye Tris milimola 100 (pH 8.0), sobitoli mola 0.35, EDTA milimola 5 na PVP-40 asilimia 1, pamoja na beta-mekaptoethanoli asilimia 1 inayoongezwa siku hiyohiyo. Tikisa, zungusha kwenye sentrifuji dakika 5 kwa nguvu ya 5,000 g, mwaga maji ya juu. Rudia mpaka maji yatoke bila kuvutika kama ute wa bamia. Kwa majani ya migunga yaliyokomaa tarajia mara 2 au 3.

Ndipo uingie CTAB: mikrolita 700 za bafa yenye CTAB asilimia 2, NaCl mola 1.4, Tris milimola 100, EDTA milimola 20 na PVP asilimia 2, iliyokwisha kupashwa moto, na beta-mekaptoethanoli asilimia 0.2 hadi 1. Acha kwenye nyuzijoto 65 za Selsiasi kwa dakika 45, ukigeuza tyubu kila baada ya dakika 10. Ongeza ujazo sawa wa klorofomu na isoamili alkoholi kwa uwiano wa 24 kwa 1, geuza taratibu dakika 10, zungusha dakika 10 kwa mizunguko 12,000. Chota tabaka la juu, na uache mikrolita 50 za mwisho karibu na utando mweupe. Uchoyo wa kutaka kila tone ndio unaorudisha uchafu wote. Kama bado lina rangi, rudia klorofomu. Kabla ya kutonesha DNA ongeza nusu ya ujazo ya NaCl mola 5, maana chumvi nyingi huiacha gundi ndani ya maji. Kisha isopropanoli baridi theluthi mbili ya ujazo, saa 1 kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Zungusha, osha mara mbili kwa etanoli asilimia 70, kausha mpaka harufu iishe lakini tonge lisiwe kama kioo, yeyusha katika mikrolita 50 za TE, bafa ya kuhifadhia DNA. Klorofomu na mekaptoethanoli zishughulikiwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, si kwenye meza karibu na dirisha.

Ukipima kwenye spektrofotomita, 260/280 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye mawimbi hayo mawili) karibu na 1.8 ni njema, lakini kwa migunga tazama zaidi 260/230. Ikiwa chini ya 1, bado una gundi au tanini hata kama namba ya nanogramu inapendeza. Kabla hujarudia utoaji wote, fanya jaribio la bei nafuu: zimua DNA mara 10 na mara 50, uendeshe PCR kwa zote tatu. Iliyozimuliwa ikikubali na ile nzito ikigoma, DNA ipo na tatizo ni kizuizi. Zote zikigoma kwa kipande kirefu lakini kifupi kikakubali, DNA imekatika. Wengi hufanya kinyume: wakiona imegoma huongeza DNA, na kizuizi nacho kinaongezeka.

PCR

Kwa mikrolita 25: mchanganyiko tayari 12.5, kila praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) ya mikromola 10 mikrolita 1, BSA ya miligramu 10 kwa mililita mikrolita 1, DNA iliyozimuliwa 1 hadi 2, zilizobaki ni maji. BSA hukamata tanini. Kwa migunga isiachwe. Kwa ITS ongeza DMSO mikrolita 1.25, kwa kuwa eneo hilo lina G na C nyingi na hujikunja. Nyuzijoto 94 dakika 3. Mizunguko 35 ya 94 sekunde 30, 52 sekunde 40, 72 dakika 1. Mwisho 72 dakika 7. Kila mara weka tyubu moja isiyo na DNA. Hiyo ikitoa mstari kwenye jeli, mzunguko mzima unatupwa, bila kujadiliana.

Kuhusu matK, jozi ya 3F_KIM na 1R_KIM inajulikana kwa kuchagua mimea. Shusha nyuzijoto za kushika hadi 48, na ikiendelea kugoma jaribu 390F na 1326R. Usife nayo. trnL-F kwa praima c, d, e na f itakupa karibu ushahidi uleule, na kwa DNA iliyokatika unaweza kuikata vipande viwili, c na d kisha e na f. psbA-trnH ni fupi na hukubali kirahisi, ila ina tabia mbili za kukera. Ya kwanza ni misururu ya A au T: ikizidi 10 hivi, mashine huteleza na kila kitu baada yake huwa matope, kwa hiyo soma kutoka pande zote mbili. Ya pili ni vipande vidogo vinavyogeuka kichwa chini miguu juu, hata ndani ya spishi moja. Ukivipanga jinsi vilivyo, tukio moja huhesabika kama mabadiliko 8 au 10 na kuunganisha sampuli zisizo ndugu. Vitafute kwa macho, uvigeuze au uvifute.

Vilele viwili vya ITS

ITS imo katika kiini, ndani ya mamia au maelfu ya nakala za jeni za ribosomu. Kwa kawaida nakala hizo husawazishana na kusomeka kama moja. Lakini migunga ina msingi wa kromosomu 13, na zote mbili zinazokusumbua, tortilis na nilotica, zinajulikana kuwa na 52, yaani seti nne. Seti zikitoka kwa wazazi tofauti na usawazishaji ukawa haujakamilika, utasoma nakala mbili kwa mpigo. Inawezekana kabisa kwamba vilele vyako ni habari, si kosa. Ila usiamini bila kuangalia sura ya kromatogramu, yaani mchoro wa vilele.

Vilele viwili vikionekana kwenye nafasi moja moja, sehemu zilizobaki safi, na nafasi zilezile zikajirudia ukisoma kutoka upande wa pili, hizo ni nakala mbili za kweli. Ziandike kwa herufi za mchanganyiko, Y kwa C na T, R kwa A na G, wala usichague kilele kirefu ukaficha kifupi. Mfuatano ukienda safi kisha ukavurugika ghafla mpaka mwisho, na wa upande wa pili ukavurugika ukifika palepale, nakala moja imepungukiwa au imezidi herufi. Ukiwa matope tangu herufi ya kwanza, kuna DNA ya viumbe wawili kwenye tyubu.

Sampuli zako tatu za kuvu zinaangukia hapo. Praima za ITS4 na ITS5 za mwaka 1990 zilibuniwa kwa ajili ya kuvu, mimea ni wageni tu, na kipande cha kuvu kina urefu unaokaribia wa mmea, hivyo jeli haitakuonyesha tofauti. Tumia jozi iliyotengenezwa kwa mimea, kama ITS-p5 na ITS-u4. Kisha pekua kila mfuatano ndani ya 5.8S (jeni fupi ya ribosomu iliyo katikati ya ITS) utafute GAATTGCAGAATCC. Mimea ya maua karibu yote inayo. Ikikosekana, una kuvu, au una nakala mfu ya ITS iliyoachwa ibadilike ovyo. Nakala mfu hujitambulisha kwa 5.8S yenye mabadiliko mengi na G na C zilizopungua. Hata ikisomeka safi, iondoe.

Kwa sampuli muhimu zenye nakala mbili, kloni kipande hicho ndani ya bakteria na usome koloni 8 hadi 10. Huna haja ya kufanya hivyo kwa zote 46; chagua tortilis mbili na nilotica mbili kutoka maeneo yanayopishana. Herufi inayoonekana kwenye koloni moja peke yake ni kosa la kimeng'enya, usiihesabu.

Kuchora mti

Panga mifuatano kwa programu ya MAFFT, kisha ifungue kwenye programu ya AliView uitazame kwa jicho, hasa kingo. Tafsiri rbcL na matK kuwa protini. Ukikuta alama ya kusimama katikati, umekosea kusoma au umeshika nakala bandia. Kwa kloroplasti weka Vachellia na Senegalia pamoja, ongeza Faidherbia, Albizia moja au mbili na mathenge wa Baringo (naye katika mgawanyo wa Prosopis wa mwaka 2022 amekuwa Neltuma juliflora), na utie mzizi kwa mkrismasi, Delonix regia, ulio nje ya jamii ya mimosa. Usikose V. farnesiana na S. senegal, kwa kuwa ndizo spishi kielelezo za jenasi hizo mbili. Mti usio nazo hauwezi kutetea jina la jenasi. Kwa ITS chora miti miwili, mmoja kwa kila jenasi. Ukizilazimisha pamoja mapengo yatakuwa mengi kiasi kwamba utakuwa unapanga makisio. Senegalia itie mzizi kwa Albizia. Ule wa Vachellia uache bila mzizi.

Kwa kuchora mti programu ya IQ-TREE inatosha na ni bure: iqtree2 -s kloroplasti.fasta -m MFP -B 1000 -alrt 1000. Kosa tunaloliona kila mara ni kusoma namba za uimara wa matawi kwa kipimo kimoja. Bootstrapi ya haraka inayotolewa na -B huaminika kuanzia 95, SH-aLRT kuanzia 80. Ile 70 unayoikuta katika makala za zamani ni ya bootstrapi ya kawaida, na 0.95 ni ya programu ya MrBayes. Tawi lenye 78 kwa -B halijathibitika, lifute, matawi yake yatoke pahali pamoja.

Mti wa kloroplasti na wa ITS usiunganishe kabla ya kulinganisha. Zipitie sampuli moja moja. Zikitofautiana kwenye matawi dhaifu tu, hakuna mgogoro, unganisha. Zikitofautiana kwenye matawi yenye nguvu pande zote mbili, rudia kwanza utoaji wa DNA kwa sampuli hizo kutoka kwenye kielelezo, sio kutoka kwenye tyubu ileile. Tofauti ikibaki, mti mmoja wa pamoja ungekuwa wastani wa mambo mawili ya kweli na usio wa kweli wenyewe. Huenda kloroplasti iliingia kwa uchotara, ikaenea katika eneo zima. Dalili yake ni sampuli kufungamana kwa mahali, zile za Baringo na Baringo na za Kajiado na Kajiado, badala ya kwa spishi. Au koo ziligawanyika upesi kuliko jeni zilivyopata muda wa kugawanyika nazo, na hapo hakuna mpangilio wa mahali. Kwa maeneo matatu na kloroplasti pamoja na ITS peke yake unaweza kupendekeza mojawapo, huwezi kuithibitisha.

S. senegal inahitaji tahadhari ya pekee. Kenya ina aina zake (var.) tatu: var. senegal, var. kerensis na var. leiorhachis, na ndani ya spishi hiyo kumerekodiwa mimea yenye seti mbili za kromosomu na mingine yenye zaidi. Usijaribu kuthibitisha au kufuta var. kwa mifuatano hii minne. Tumia mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) na mimea isiyopungua 20 kwa kila eneo, au uache nje ya malengo ya tasnifu. Kwa mpaka wa spishi na spishi, mimea 3 hadi 5 ya kila moja kutoka mbalimbali inatosha kuanzia. Spishi uliyo na sampuli yake moja haiwezi kuonekana imechanganyika na nyingine, kwa hiyo usiandike kwamba DNA imeithibitisha.

Msimamizi akiwa na bajeti, hatua ya juu ni seti ya Angiosperms353, iliyotangazwa mwaka 2019, inayonasa jeni 353 za kiini kwa mpigo. Ndiyo iliyozaa mti wa mimea ya maua wa mwaka 2024 wenye jenasi karibu 8,000. Kwa bahati inavumilia DNA iliyokatika, maana hunasa vipande vifupi, hivyo hata majani yako ya tanuri yanaweza kufaa. Data yake huunganishwa kwa programu ya HybPiper, kila jeni huchorewa mti wake, na programu ya ASTRAL hupatanisha miti hiyo. Lakini kwa tortilis na nilotica tazama onyo la nakala pacha ambalo HybPiper hutoa. Jeni yenye nakala mbili katika sampuli nyingi iondolewe kwanza. Sampuli 12 zilizochaguliwa vizuri, mbili kwa kila spishi yenye utata, zitakufaa zaidi ya 46 za ovyo.

Usisubiri kuandika ndipo ushughulikie vielelezo. Kila mfuatano utakaouweka GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA, uwe na namba ya mkusanyaji na namba ya kielelezo kilichopo kwenye hebaria, iwe EA ya Nairobi, NHT ya Arusha au DSM ya Dar es Salaam, chenye miiba, na ua au ganda la mbegu. Hifadhidata hiyo imejaa mifuatano yenye majina yasiyo sahihi. Hata hao kuvu wako wangeweza kuingia humo wakiitwa migunga. Ukipeleka DNA kusomwa nje ya nchi, kibali cha utafiti cha NACOSTI au COSTECH (tume za sayansi za Kenya na Tanzania) hakitoshi peke yake. Kwa Kenya utahitaji pia kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kutumia rasilimali za kijenetiki pamoja na makubaliano ya kuhamisha sampuli, na sampuli za Dodoma ziwe na vibali vya Tanzania tangu siku zilipovuka mpaka. Ulizia hilo kabla ya kufunga kifurushi.